Nyumbu wa Nairobi si nyumbu wa Mara, na seng'enge zetu zinammaliza

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndiyo msiseme najifanya mwalimu.

Mwaka jana, msimu wa kiangazi, niliingia mbuga ya Nairobi na marafiki watatu. Tulikuwa tunatafuta simba kama kila mtu. Simba hatukuona. Tuliona nyumbu saba wamesimama kwenye nyasi kavu, na nyuma yao maghorofa ya mji. Picha ilikuwa kali, manze. Nikaiweka na maneno haya: "Usisafiri Mara, Mara imekuja Nairobi." Ikatazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Nikajiona nimefika.

Halafu mtu mmoja akaandika chini yake: "Hao si nyumbu wa Mara. Na walikuwa maelfu. Uliza wengine walienda wapi."

Nilimjibu vile huwa tunajibu watu: "Nyumbu ni nyumbu, boss." Na emoji tatu za kucheka.

Hilo jibu ndilo limenifanya niandike leo. Kwa sababu nyumbu si nyumbu. Na nilipoanza kusoma nijue huyo mtu alimaanisha nini, niligundua kwamba familia yangu iko ndani ya hii hadithi, na imeshika seng'enge mkononi.

Twende polepole.

Bonde la Ufa sisi tunalijua kama mahali pa kusimamisha gari, kununua mahindi ya kuchoma na kupiga picha. Kwa nyumbu, bonde ni mpaka. Walio magharibi yake ndio wale wa Serengeti na Mara, wale tunaowaona kila mwaka kwenye runinga wakivuka mto na mamba wakiwasubiri. Walio mashariki ni wetu: wa tambarare za Athi na Kaputiei kusini mwa Nairobi, wa Amboseli, hadi Tarangire kule Tanzania. Wa Mara ni wadogo kidogo na rangi yao imekolea. Wa kwetu ni wakubwa zaidi na wamefifia, kijivu fulani hivi. Wote wana ndevu nyeupe, ndiyo maana mtu kama mimi anawachanganya. Lakini wanasayansi wanawahesabu kama spishi ndogo mbili tofauti.

Na hii kitu haiko kwa nyumbu peke yake. Chukua twiga. Ukiuliza Mkenya yeyote atakuambia tuna twiga, basi. Kumbe Kenya ina aina tatu. Kusini kuna twiga wa Kimaasai, mwenye madoa yaliyochanika pembeni kama majani. Kaskazini, Samburu na Wajir na Garissa, kuna yule wa madoa yaliyonyooka kama vigae vilivyopangwa na fundi. Halafu kuna yule wa Nakuru na wa kituo cha twiga pale Lang'ata, miguu yake kuanzia magotini kushuka ni myeupe kama amevaa soksi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi ya jeni iliyosema twiga si spishi moja, ni nne. Watu wakabishana miaka. Mwezi Agosti 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likakubali rasmi kwamba ni nne, na tatu kati ya hizo ziko hapa kwetu. Hakuna nchi nyingi zinaweza kusema hivyo.

Hata mbuni. Wa mbuga ya Nairobi ana shingo na mapaja ya rangi ya waridi. Wa Samburu ni wa buluu ya kijivu. Hao pia ni spishi mbili. Tumekaa na hii hazina na tunaiita "wanyama".

Sasa, hii tofauti inatoka wapi? Hapa nipeni dakika moja ya sayansi, naahidi haiumi.

Fikiria kila mnyama kama mtu aliye na mkusanyiko wa stika za WhatsApp. Nusu amepewa na mama, nusu na baba. Akizaa, anapitisha nusu ya zake, na ni bahati tu inaamua ni zipi. Sasa weka watu elfu kumi kwenye kundi moja. Kila stika iko kwa watu wengi, kwa hivyo hata mmoja asipoituma, mwingine ataituma. Hakuna kinachopotea haraka. Lakini weka watu kumi kwenye kundi lililofungwa. Kuna stika iko kwa mtu mmoja tu. Huyo asipoipitisha, imeenda, na haitarudi, hata kama ilikuwa nzuri kuliko zote. Baada ya vizazi kadhaa wote mnatumiana stika zilezile nane.

Ukiwa na makundi mawili makubwa yaliyotengana kwa maelfu ya miaka, kila moja linabaki na stika zake na linapata mpya zake. Hapo ndipo unapata twiga wa soksi nyeupe na twiga wa vigae. Hiyo ni tofauti ya kijiografia, na ni kitu kizuri. Ni kumbukumbu ya ardhi iliyoandikwa ndani ya mwili wa mnyama: ukame wake, magonjwa yake, nyasi zake.

Lakini ukichukua kundi moja kubwa ukalikatakata kuwa vikundi vidogo ndani ya miaka thelathini, hiyo si tofauti. Huo ni upotevu. Kila kikundi kinapoteza stika zake kwa bahati mbaya, na ndugu wanaanza kuzaa na ndugu. Kasoro zilizokuwa zimejificha zinakutana, mbegu za madume zinakuwa dhaifu, ugonjwa ukiingia hakuna aliye na kinga tofauti na mwenzake.

Mfano uko hapo jirani, Ngorongoro. Mwaka 1962 kulitokea mlipuko wa nzi wanaouma, wakawamaliza simba wa lile bonde karibu wote. Walibaki kumi hivi, halafu madume wachache wakaingia kutoka nje. Simba wakaongezeka tena, wakajaa, mtalii hangejua kitu. Lakini watafiti walipofuatilia ukoo, waligundua kwamba wote wametoka kwa simba 15 tu, na madume wengi wao mbegu zao zilikuwa na kasoro kuliko za simba wa Serengeti. Ukihesabu vichwa unaona mambo poa, lakini jeni zinasema kitu kingine.

Sasa turudi kwa nyumbu wangu saba na maghorofa.

Mbuga ya Nairobi ilitangazwa 1946. Ni kilomita za mraba 117 tu. Ukiiangalia kwenye ramani ni kama leso. Imezungushiwa ua kaskazini, magharibi na mashariki. Upande wa kusini, kwenye mto, uliachwa wazi, na haikuwa kwa kusahau. Mbuga yenyewe haikuwahi kutosha wanyama wake. Ilikuwa kimbilio la kiangazi, kwa sababu ina maji. Mvua ikinyesha, nyumbu walikuwa wanatoka kusini kuelekea tambarare za Kitengela, Isinya, Kapiti, kwa sababu huko nyasi ni fupi na zina madini ambayo mama anayenyonyesha anahitaji. Kiangazi wanarudi. Huo ulikuwa uhamaji mkubwa, nje tu ya jiji kuu. Wazungu wangeuita maajabu kama ungekuwa mahali pengine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, nyumbu kwenye hizo tambarare walikuwa karibu 30,000. Ilipofika 2011 walikuwa chini ya 5,000. Hesabu hizo zilichapishwa, mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Waliwindwa wote? Hapana. Uwindaji ulikuwepo na ukame ulikuwepo. Lakini kitu kikubwa ni kwamba njia ilifungwa. Shamba la jamii la Kitengela liligawanywa watu wakapata vipande vyao miaka ya 1980. Barabara ya Namanga ikaleta mji. Viwanda vya Athi River vikaleta wafanyakazi, wafanyakazi wakataka nyumba. Ekari 100 zikawa 50, zikawa tano, zikawa ploti za 50 kwa 100. Na kila ploti, kitu cha kwanza, kabla hata ya choo, ni ua.

Na hapa ndipo jeni zinaingia. Mwaka 2024 timu ya watafiti, wakiwemo Wakenya, ilichapisha kazi kwenye jarida la Nature Communications. Walisoma vinasaba vyote vya nyumbu 121 kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Walilinganisha makundi ambayo bado yanahama mwendo mrefu, kama la Serengeti na Mara, na makundi ambayo uhamaji wake umekatizwa. Yale yaliyokatizwa yalikuwa na utofauti mdogo wa jeni, ndugu wanazaana zaidi, na yametengana zaidi na wenzao. Kwa maneno mengine, kumzuia nyumbu kutembea si kumnyima nyasi tu. Ni kumfungia kwenye kundi la WhatsApp lisilo na mtu mpya.

Nilisoma hiyo kazi nikiwa kwenye matatu ya kwenda Isinya. Mnajua nilikuwa naenda kufanya nini? Nilikuwa naenda kuonana na fundi wa ua.

Sasa hadithi ya nyumbani. Mzee wangu na ndugu zake wawili walinunua ekari mbili kule upande wa Isinya, kwa mkopo wa sacco. Mzee alilipa ule mkopo miaka minne. Kuna Krismasi hatukusafiri mashambani kwa sababu ya hiyo ploti. Kwa hivyo nisikilizeni vizuri: siandiki kama mtu anayedharau ploti. Najua ploti ni nini kwa familia ambayo imelipa kodi ya nyumba maisha yote.

Mzee huniita mami, kwa sababu nina jina la mamake. Nilipofika jioni nikamwambia nataka tuongee kuhusu ile seng'enge. Akaweka kikombe chini.

"Mami, ploti bila ua ni ploti ya kila mtu."

Na ako na ukweli. Sisi wote tunajua mtu aliyeenda kuangalia shamba lake akakuta nyumba ya mtu mwingine imefika kwa lenta. Nilimwambia kuhusu nyumbu. Akanisikiliza mpaka mwisho, vile huwa anasikiliza, halafu akauliza, "Kwani hao nyumbu wana hati?"

Nilicheka. Lakini nimefikiria hilo swali wiki nyingi. Hawana hati. Wana njia. Na njia yao ni ya zamani kuliko ofisi ya ardhi, na ukiifunga hakuna mahakama wataenda.

Jumamosi iliyofuata tulienda naye kule. Kuna mzee jirani, Mmaasai, ambaye ng'ombe wake hupita kwenye ploti yetu na huwa anatupigia simu akiona watu wasioeleweka. Tulimsalimia, "Sopa, mzee," akaitika, tukaketi. Nilikuwa natarajia aniambie hadithi tamu ya zamani, jinsi watu na wanyama walivyopendana. Wapi! Aliniambia nyumbu walikuwa shida. Wakizaa, ndama wao wanaacha ugonjwa kwenye nyasi, na ng'ombe akila hapo anakufa. Hiyo ni kweli, ni virusi ambavyo nyumbu havimdhuru lakini ng'ombe vinamuua. Kwa hivyo wakati wa nyumbu kuzaa, wao walikuwa wanahamisha ng'ombe mpaka msimu upite.

"Tulikuwa tunawapisha," alisema. "Wanakuja, tunaondoka. Wanaondoka, tunarudi. Sasa mimi nitaondoka niende wapi? Kila mahali ni waya."

Hebu rudia hiyo sentensi. Seng'enge iliyomfungia nyumbu ndiyo ileile iliyomfungia mzee na ng'ombe wake. Tukizungushia ploti zetu tunadhani tunajilinda na mwizi. Kumbe tunaandika historia ya watu na wanyama kwa wakati mmoja, na hatujauliza mtu.

Najua mnachotaka kusema. Nimeshaambiwa yote, wacha niyajibu.

La kwanza: "Si mchukue nyumbu wa Mara mlete Nairobi, kwani gari hakuna?" Hili ndilo ninalosikia zaidi, na ndilo lililo na makosa zaidi. Kwanza, ni kama kusema shairi limepotea, tuweke lingine mahali pake, si yote ni maneno. Nyumbu wa mashariki mwa bonde ana jeni zake, na ukiwachanganya na wa Mara umefuta mstari ambao ulichukua maelfu ya miaka kuchorwa. Afrika Kusini wamejifunza kwa uchungu. Kule kuna nyumbu mweusi na nyumbu wa buluu, spishi mbili tofauti. Watu wa mashamba ya wanyama waliwaweka pamoja ndani ya ua, wakazaana, na leo kumjua aliye safi na aliye chotara ni kazi ya maabara. Pili, hata ukiwaleta, utawaweka wapi? Njia bado imefungwa. Umeongeza tu watu kwenye kundi lilelile lililofungwa.

Kuna wakati kuhamisha wanyama ni sawa. Kundi likiwa dogo sana, kuleta wageni wachache wa aina yake, kutoka sehemu ambayo zamani walikuwa wanachanganyika nayo, kunaweza kuokoa. Wanaosoma mambo haya husema hata mgeni mmoja au wachache kwa kila kizazi wanaweza kupunguza sana huo upotevu. Lakini mgeni anayekuja kwa miguu yake ni wa bure. Anayekuja kwa lori anahitaji daktari, dawa ya usingizi, mafuta na pesa za wafadhili, kila mara, milele. Kwa nini tununue kile ambacho tulikuwa tunapewa?

La pili: "Watu wanahitaji nyumba, wewe unaongea habari ya nyumbu." Ndiyo, watu wanahitaji nyumba. Lakini tembea kule uone. Ploti nyingi zilizozungushiwa ua hazina nyumba. Zina ua, geti lenye kutu na bango la "haiuzwi". Hiyo ni akiba ya benki iliyopandwa kwenye njia ya wanyama. Nyumba moja kwenye ekari tano nyumbu anaizunguka. Kilomita nzima ya seng'enge isiyo na mtu ndani ndiyo inamshinda.

La tatu: "Serikali ndiyo ilitakiwa kununua hiyo ardhi." Hapa tunakubaliana kiasi. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa mbuga ili wasizungushe ua, wasichimbe mawe na waachie wanyama wapite. Malipo yalikuwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Kidogo, lakini yalikuwa yanafika kwa familia, na kuna walioyatumia kulipa karo. Tatizo ni kwamba mpango uliendeshwa kwa pesa za wafadhili, na bei ya ardhi ilikuwa inapanda kama lifti. Huwezi kumwambia mtu akatae mamilioni kwa sababu ya dola nne. Kama nchi nzima inafaidika na mbuga iliyo karibu na jiji, na tunaiweka kwenye kila tangazo la utalii, basi nchi nzima ilipie ile ardhi ya kusini inayoifanya iwe hai. Asiachiwe mchungaji mmoja wa Isinya kubeba huo mzigo.

La nne, na hili linatoka kwa vijana wenzangu: "Sisi hata ploti hatuna, unatuambia ya nini?" Nakuambia kwa sababu wazazi wako wanayo, au wanaitafuta. Kwa sababu wewe ndiye unawasomea tangazo la ploti kwenye simu. Kwa sababu miaka kumi ijayo utakuwa na mkopo wako wa sacco, na mtu atakuuzia ploti "karibu na mbuga, mandhari ya wanyama", bila kukuambia kwamba ua wako ndio utaondoa hiyo mandhari.

Kwa hivyo nataka nini? Sitaki tulie. Nataka vitu vitatu, na vyote vinawezekana.

Kwanza, tuache kuzungushia ardhi tupu. Kama hujengi, weka bikoni zako, panda miti kwenye kona, hakikisha hati yako imekaguliwa, jua jirani yako kwa jina. Ukijenga, zungushia nyumba na shamba la mboga, acha sehemu nyingine wazi. Wamaasai wamefanya hivyo miaka yote: boma lina ua, malisho hayana.

Pili, tuwe na kelele kwenye mipango ya ardhi. Kaunti zinapoita wananchi watoe maoni kuhusu matumizi ya ardhi, anayefika ni wakala wa ploti na wazee wawili. Vijana hatuko. Njia zilizobaki za wanyama, kutoka mto wa mbuga kushuka hadi Isinya na Kapiti, ziandikwe kwenye ramani kama vile barabara inavyoandikwa. Hakuna mtu hujenga katikati ya barabara kuu ya Namanga kwa sababu alinunua ploti. Kwa nini njia ya nyumbu iwe tofauti? Na si kama hakuna pa kuanzia. Ng'ambo ya mto kuna hifadhi ya jamii ya Naretunoi, ambapo wenye ardhi wameamua wenyewe kuacha nafasi. Mbele huko kuna shamba la utafiti la Kapiti, karibu ekari 32,000, bado ziko wazi. Kinachokosekana ni kuunganisha.

Tatu, na hili ni letu sisi wa kamera: tuwataje wanyama kwa majina yao. Nikisema "nyumbu" tu, mtu anawaza Mara, anaona kundi lisilo na mwisho, anajiambia wako wengi. Hapo ndipo nyumbu wa Nairobi anafia, ndani ya hilo neno "wengi". Twiga wa Samburu akiitwa twiga tu, hakuna atakayejua akiisha. Kile kisicho na jina hakina mtu wa kukililia.

Kuhusu ploti yetu, sina mwisho mtamu wa kuwapa. Tulikaa kikao cha familia. Mzee wangu alikubali tuzungushie nusu ekari ambapo nyumba itajengwa na tuache ekari moja na nusu wazi, kwa sharti kwamba bikoni ziwekwe upya na yule mzee jirani aendelee kulisha ng'ombe wake hapo, kwa sababu ng'ombe wake ni ulinzi mzuri kuliko seng'enge. Amu wangu mmoja alikataa. Anasema nimeharibiwa na intaneti. Sehemu yake anataka izungushwe Desemba, na ni haki yake kisheria. Bado tunaongea. Ekari moja na nusu haiwezi kuokoa nyumbu. Najua hivyo. Lakini ua wa kwanza pia haukuwamaliza. Wamemalizwa na kila mtu akisema ploti yangu ni ndogo.

Ile video bado iko. Sikuifuta. Nilibadilisha maneno tu. Sasa imeandikwa: "Hawa ni nyumbu wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Walikuwa karibu 30,000 hapa, nje tu ya jiji. Hawa ni saba."

Yule mtu aliyenirekebisha nilimtafuta nikamwomba msamaha. Akanijibu neno moja, "Sawa", halafu akaniuliza kama kwetu tuko na ploti upande ule.

Na wewe, kwenu mko nayo? Imezungushwa? Niambie ukweli, sitacheka.